Mama mkwe anasema damu zetu zinapigana

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 29 na nimeolewa miaka sita. Nakuandikia usiku huu mume wangu akiwa amelala, maana mchana sipati nafasi ya kuwaza peke yangu.

Tuna mtoto mmoja wa miaka minne, mzima wa afya. Mwaka jana nilishika mimba ya pili, ikaharibika ikiwa na wiki 11. Nilitokwa na damu siku mbili, nikaenda hospitali, nikasafishwa na kurudishwa nyumbani siku hiyohiyo na vidonge vya maumivu. Hakuna aliyeniuliza kundi langu la damu, nami sikujua kama lina umuhimu.

Sasa nina mimba ya tatu, wiki ya 13. Wiki iliyopita nilianza kliniki. Mkunga akatazama majibu ya maabara, akaandika kwenye kadi herufi O, kisha kimstari kidogo pembeni yake. Akaniuliza, "Ulipojifungua wa kwanza ulichomwa anti-D?" Nikamwambia sijui, siku ile nilichomwa sindano nyingi, na kadi ya mimba ile ilipotea tulipohama. "Na ile iliyoharibika?" Nikasema hapana. Akanyamaza, akaandika kitu, akaniambia nije na mume wangu apimwe. Foleni ilikuwa ndefu, nikaona haya kumuuliza maana ya kile kimstari.

Mume kapimwa, ni B chanya. Mtoto tulimpima siku hiyohiyo, ni O chanya. Tuliporudi tulimkuta mama mkwe. Akasema, "Si niliwaambia? Damu zenu zinapigana, ndiyo maana ile ya pili ilitoka." Kisha akachukua karatasi ya mtoto, akaisoma polepole. "Baba B, mtoto O?" Akairudisha mezani. Hakuongeza neno, lakini Shangazi, afadhali angenitukana.

Tangu hapo kuna mtu kamwelekeza kwa mtaalamu anayeuza dawa ya kulinganisha damu ya mke na mume. Mume wangu hasemi kitu. Juzi tu kaniuliza kama ni kweli watu wenye damu tofauti wakizaa mmoja basi hawapati tena.

Naomba unieleze. Je, damu zetu ndizo zilizoiua mimba ya pili? Je, hii niliyonayo iko hatarini? Sindano nimeshaikosa mara mbili, au bado kuna nafasi? Na mtoto wangu, kweli baba B anaweza kuzaa O?

Ni mimi, Mama wa Kimstari

*

Marahaba, mwanangu.

Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu najua ndilo linalokukosesha usingizi, hayo mengine yana siku zake. Ndiyo, baba B anaweza kuzaa mtoto O, tena bila maajabu yoyote. Kila mtu hurithi kundi la damu mara mbili: nusu kwa mama, nusu kwa baba. Wewe ni O, maana yake umebeba O mbili, na huna kingine cha kumpa mtoto ila O. Mumeo ni B, lakini B hujitokeza hata ikiwa moja tu na kuifunika O iliyo pembeni yake. Yeye ana B kwa mzazi mmoja na O kwa mwingine. Mtoto wenu alichukua ile O ya babaye iliyojificha, ikakutana na yako, akatoka O. Wa pili angeweza kutoka B, na huyu wa sasa ana nafasi nusu kwa nusu. Kwa hiyo ile karatasi iliyorudishwa mezani haikushtaki kwa lolote. Sanasana imetuonyesha jambo kuhusu mumeo ambalo hata yeye alikuwa halijui: kati ya wazazi wake, mmoja alimpa O. Mama mkwe akitaka kujua ni nani, apime yake.

Na tazama ile alama ya chanya kwenye karatasi ya mtoto. Hiyo hakuitoa kwako, maana wewe huna. Ameitoa kwa baba.

Sasa hili la damu kupigana. Damu yako na ya mumeo hazikutani popote. Mnaweza kulala kitanda kimoja miaka 50, wewe O na yeye B, wewe hasi na yeye chanya, zisijuane kabisa. Hakuna mimba inayokataa kushika kwa sababu ya makundi ya damu ya wazazi, na hakuna ndoa inayopaswa kuvunjwa kwa ajili hiyo. Damu zinazoweza kukutana ni mbili: yako na ya mtoto aliye tumboni. Ya mumeo inaingia kwa sababu moja tu, kwamba ndiye anayeweza kumpa mtoto kitu ambacho wewe huna.

Kitu hicho ndicho kile kimstari. O ni jina la kundi, na alama inayofuata inahusu Rh, yaani kama chembe nyekundu za damu yako zina protini fulani juu yake inayoitwa D. Mwenye nayo huandikiwa chanya, asiye nayo huandikiwa hasi. Si ugonjwa, si upungufu wa damu, wala haihusiani na ile hasi na chanya ya vipimo vya virusi (nimewahi kukutana na mume aliyeogopa kumgusa mkewe kwa sababu ya kuchanganya hizo mbili). Ulaya watu hasi ni kama 15 katika kila 100. Kwa Waafrika ni wachache zaidi, na Asia ya Mashariki ni nadra. Nadhani uchache huo ndio unaofanya wahudumu wengine wasahau kuuliza, kama walivyosahau kwako.

Shida huanza mama hasi anapobeba mtoto chanya. Kwa muda mwingi wa ujauzito damu zao hukaa mbalimbali, kondo liko katikati. Lakini wakati wa kujifungua kondo linapobanduka, au mimba inapoharibika, matone kadhaa ya damu ya mtoto huvuka. Mwili wa mama unaona kitu kigeni, hiyo D, na unaweza kuanza kutengeneza kingamwili za kuiangamiza. Mtoto wa kwanza kwa kawaida hapati madhara: anakuwa ameshazaliwa, na hata hizo kingamwili za mwanzo huwa kubwa mno kupenya kondo. Tatizo ni kwamba mwili hausahau. Mimba nyingine ya mtoto chanya ikija, hutoa kwa haraka kingamwili za aina ndogo zaidi, na hizo hupita. Zikimfikia mtoto huvunja chembe zake nyekundu, akapungukiwa damu tumboni, na akizaliwa akawa na manjano makali. Kwa hiyo waache waulizane kama damu zenu zinaendana. Swali lako wewe ni moja: je, mwili wako umeshajifunza?

Nitakuambia ukweli bila kuupaka sukari. Nafasi ya kujifunza umekuwa nayo. Mtoto wa kwanza ni chanya, na kwa bahati mbaya ni O kama wewe. Nasema bahati mbaya kwa sababu mtoto angekuwa B, kinga yako ya kawaida dhidi ya B, ambayo kila mtu wa O anayo, ingezifagia chembe zake kabla mwili haujaiona D vizuri. Ni jambo la kuchekesha kidogo: ile tofauti ya O na B wanayoiogopa nyumbani kwenu ndiyo ambayo ingekukinga. Lakini sikia na upande wa pili. Katika wanawake 100 hasi wanaozaa mtoto chanya wa kundi kama hilo bila sindano ya anti-D, ile inayozuia mwili kujifunza, wanaojifunza ni kama 16. Waliobaki, mwili haujifunzi. Ongeza na mimba iliyotoka, hesabu inapanda kidogo, lakini uwezekano mkubwa bado uko upande wako. Tena huenda ulichomwa ulipojifungua na hukuambiwa.

Ile mimba ya pili usiibebeshe damu. Mimba nyingi zinazotoka katika wiki 12 za mwanzo huwa na kasoro ya kromosomu iliyotokea tangu mwanzo kabisa, yai au mbegu ilipokuwa ikiundwa au vilipokutana, bila kosa la mtu. Madhara ya Rh huja baadaye, mtoto akiwa amekua na ana damu ya kutosha kushambuliwa, na ni nadra yawe makali kabla ya wiki ya 16. Wiki 11 ni mapema mno. Makosa ya siku ile ni mengine: ulisafishwa ukaondoka bila mtu kutazama kundi lako la damu.

Kwa hiyo usisubiri tarehe yako ya kliniki. Nenda wiki hii, na safari hii foleni isikutie haya. Sema hivi: "Mimi ni O hasi, nina mtoto O chanya, na mimba yangu ya pili iliharibika, sikuchomwa sindano. Naomba kipimo cha kingamwili." Kipimo hicho huitwa Coombs isiyo ya moja kwa moja. Wanachukua damu yako ya mkononi kama ya vipimo vingine, kijichupa kimoja tu, mtoto haguswi. Huenda mkunga wako ameshakiagiza na ndicho kile kitu alichoandika. Muulize akuonyeshe kwenye kadi.

Kikisoma hasi, mwili haujajifunza, na yaliyopita yamepita. Sindano ulizozikosa hazidaiwi. Utachomwa anti-D ukifika wiki ya 28, kisha ukijifungua watapima damu ya mtoto kutoka kwenye kitovu, na akiwa chanya utachomwa tena ndani ya saa 72. Pale kwenye wiki ya 28 kuna jambo dogo ambalo wengi hulisahau: wachukue damu ya kupima kingamwili kwanza, ndipo wakuchome. Sindano yenyewe ni kingamwili, hivyo wakianza nayo kipimo kitasoma chanya cha uongo, mkatishane tamaa bure.

Katikati ya hapo, ukitokwa na damu hata kidogo, ukianguka au kupigwa tumboni, ukichomwa sindano ya kuchukua maji ya uzazi, au mtoto aliyekaa vibaya akigeuzwa kwa mikono, usingoje wiki ya 28. Nenda ukawaambie kundi lako, saa zilezile 72 zinahesabiwa. Ukichelewa, nenda hivyohivyo. Hata ndani ya siku 10 inaweza kusaidia.

Kuhusu hiyo sindano, nakusimulia kwa sababu ndiyo dawa pekee ninayoijua inayostahili kuitwa ya kulinganisha damu. Ilianza kutumika rasmi mwaka 1968. Haitengenezwi kwa kemikali, inatokana na damu ya watu ambao miili yao tayari ina kingamwili hizo. Mmoja wao alikuwa James Harrison wa Australia. Akiwa na miaka 14 alifanyiwa upasuaji mkubwa wa kifua, akaokolewa na damu ya watu asiowajua, akaahidi kuirudisha. Alianza mwaka 1954 alipofikisha umri wa miaka 18, na damu yake ikagundulika kuwa na kingamwili ya D kwa wingi. Akatoa mara 1,173 mpaka mwaka 2018, alipozuiwa na umri, akiwa na miaka 81. Huko kwao wanakadiria sindano zilizotokana naye zilifikia watoto milioni 2.4. Alifariki mwaka 2025. Inavyofanya kazi ni kwamba zile kingamwili za kuazima huziondoa chembe za mtoto zilizovuka kabla kinga yako haijaziona, kisha zenyewe huisha mwilini baada ya wiki kadhaa. Ndiyo maana kila mimba inataka yake.

Na kipimo kikisoma chanya? Hapo anti-D haisaidii tena, haiwezi kumsahaulisha mtu alichokwishajifunza. Lakini si hukumu. Kwanza, mtoto huyu anaweza kuwa hasi kama wewe: ikiwa mumeo amebeba chanya moja na hasi moja, ni nusu kwa nusu, na kingamwili zako zote hazitakuwa na cha kushika kwake. Kuna sehemu wanaweza kujua hilo kwa kupima damu yako tu, maana chembechembe za jeni za mtoto huelea humo. Pili, akiwa chanya, watafuatilia wingi wa kingamwili, kwa kawaida kila wiki nne, baadaye kila wiki mbili. Zikipanda, watamtazama kwa utrasaundi na kupima kasi ya damu kwenye mshipa mmoja wa ubongo wake. Damu iliyopungua chembe huwa nyepesi, hukimbia haraka, na kasi hiyo humwambia daktari mtoto ana hali gani bila kumgusa. Akizidiwa, anaongezewa damu akiwa humohumo tumboni. Daktari Liley wa New Zealand ndiye aliyeanza kufanya hivyo mwaka 1963, na leo hupitishwa kwenye mshipa wa kitovu. Si kila hospitali inaweza. Kwa hiyo majibu yakiwa chanya, swali lako la kwanza kwa daktari liwe: nikihitaji huduma hiyo naipata wapi, na nihamishiwe lini? Uliza ungali na wiki 13, usiulize ukiwa na 30.

Vyovyote majibu yatakavyokuwa, wewe ni O na mtoto anaweza kuzaliwa B, na hilo nalo lina manjano yake. Hayahitaji mimba ya kwanza kufundisha, kwani kinga ya O dhidi ya A na B unayo tangu utotoni. Mara nyingi huwa mepesi, mtoto akawekwa chini ya taa ya buluu siku mbili tatu yakaisha. Cha kukumbuka ni muda. Manjano ya siku ya tatu ni ya watoto wengi, lakini yanayoonekana kabla ya saa 24 kutimia si ya kawaida hata siku moja. Mtazame kwenye mwanga wa mchana: kwa ngozi nyeusi usitegemee uso, angalia weupe wa macho na fizi, kisha bonyeza unyayo kwa kidole na uachie, uone rangi iliyobaki pale ulipobonyeza. Ukiona manjano, au mtoto analala tu hataki kunyonya, rudi hospitali usiku huohuo. Atakayekuambia mwanike juani kwanza, mwitikie kwa adabu ukiwa unavaa viatu.

Niseme pia neno moja kuhusu AA na AS, maana naamini nusu ya hofu ya "damu haziendani" inatoka huko. Hicho ni kipimo kingine kabisa, cha selimundu. Wazazi wawili wenye AS, yaani waliobeba selimundu bila kuugua, kila mtoto wao ana nafasi moja katika nne ya kuzaliwa na ugonjwa huo. Ni jambo la kulijua mapema, na kama hamjapima, pimeni. Lakini AS si kundi la damu, na O hasi na B chanya haviingii humo.

Huyo mtaalamu wa dawa usimpe hata shilingi. Kundi la damu hurithiwa kama umbo la sikio, hakuna cha kunywa kitakacholibadilisha, na ndani ya mimba ya wiki 13 sitaki uingize kitu kisichojulikana kimetengenezwa na nini.

Mumeo usimhesabie ukimya wake kama hukumu. Aliuliza, na mtu anayeuliza bado hajaamua. Nenda naye kliniki, akae kwenye kiti cha pembeni yako, asikie mkunga akieleza kwa mdomo wake. Akirudi, yeye ndiye amweleze mama yake, tena aanze na habari ya ile O iliyojificha, maana mama akisikia kwamba huenda yeye ndiye aliyempa mwanawe hiyo O, nadhani karatasi atairudisha mezani kwa mkono mwingine. Wewe usijitwike kazi ya kumshawishi mkwe, una kazi yako.

Na kile kimstari, kinakili. Kiandike nyuma ya kitambulisho chako na kwenye simu ya mumeo: O hasi. Kadi zinapotea, umeshaona. Majibu ya Coombs yakitoka niandikie, hata kama ni neno moja tu.